MATANGAZO YA KUUDHI: MANUNG'UNIKO HAYATOSHI

Haipiti wiki pasipo mtu kuingia katika ofisi yetu kulalamika juu ya tangazo alilolisikia redioni au kuliona katika televisheni. Mmoja ameudhika kwa kuwa maneno ya aibu yalitamkwa wakati wa chakula cha jioni, watoto wamekaa na babu yao. Mwingine amenunua chupa ya dawa iliyosifiwa kuwa yaponya kisukari, shinikizo la damu na ugumba kwa pamoja. Ametoa mshahara wa siku kadhaa, na kisukari chake kipo pale pale. Twawauliza: Je, mmepeleka malalamiko? Nao hutujibu kwa swali: Kwa nani?

Swali hilo ni la haki. Zamani redio ilikuwa ya Serikali peke yake, na aliyeudhika alijua mlango wa kubisha. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 iliwafungulia njia watu binafsi, na leo vituo ni vingi, navyo vyaishi kwa fedha za matangazo. Hatuwalaumu kwa hilo. Magazeti nayo huuza nafasi zake kwa wenye biashara, wala sisi hatuwezi kujifanya watakatifu. Tena si kila tangazo lisilotupendeza ni kosa. Wimbo wa sabuni unaochosha masikio si jinai. Tunayoyasema hapa ni matangazo ya uongo, ya matusi, na yale yanayowanasa watoto.

Jambo la kwanza, nalo ndilo wengi hulikosa, ni kuandika. Jina la kituo, tarehe, saa, jina la bidhaa, na maneno yenyewe kama yalivyosemwa. Mwenye simu na alirekodi tangazo likirudiwa, maana hurudiwa. Ukisema, "Hawa watu wa redio wanatudanganya," umesengenya tu. Ukiandika kwamba siku fulani, saa moja na nusu jioni, kituo fulani kilisema dawa hii yaponya kisukari kwa siku saba, hapo umetoa hoja ambayo mtu hana budi kuijibu. Na ufanye upesi, kwa kuwa vituo haviweki rekodi zao milele.

Barua ya kwanza apelekewe mkuu wa kituo chenyewe. Wako wanaoidharau hatua hii wakisema ni kesi ya nyani mbele ya hakimu ngedere. Twawaelewa, lakini wanakosea. Huko mbele utaulizwa kama ulimweleza mwenye kituo, na jibu lake, au ukimya wake, ndio ushahidi wako.

Asipokuridhisha, peleka shauri kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ambayo ndani yake imo Kamati ya Maudhui. Kamati hiyo huviita vituo vijieleze, na vituo vimewahi kupewa onyo, kutozwa faini, hata kufungiwa kwa muda. Asiyeridhika na uamuzi aweza kukata rufaa katika Baraza la Ushindani. Sheria hiyo hiyo iliunda pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Hilo halihukumu, bali kazi yake ni kutetea maslahi ya mtumiaji.

Lakini kituo kimetangaza tu. Aliyetunga uongo ni mwenye bidhaa, naye asiachwe akacheka pembeni. Habari za dawa za hospitali na za duka la dawa zifikishwe kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo kabla ya mwaka 2019 ilikuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Za waganga na miti shamba zina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililowekwa na sheria ya mwaka 2002. Bidhaa nyinginezo zilizosifiwa kwa hila ni kazi ya Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 yakataza kumpotosha mnunuzi.

Kamari ndiyo inayotuuma zaidi. Twasikia mwisho wa mwezi, mishahara inapotoka, jinsi kijana anavyohimizwa kwamba shilingi mia tano zitamjengea nyumba. Mwenye umri chini ya miaka 18 haruhusiwi na sheria kucheza. Basi tangazo linalomwita mtoto lipelekwe kwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha mara moja, pamoja na kupelekwa kwa Mamlaka.

Twawashauri wafanyakazi wasiende mmoja mmoja. Tawi la chama cha wafanyakazi laweza kuandika barua moja yenye sahihi za watu ishirini, na barua ya namna hiyo haitupwi kapuni kwa urahisi. Asiyejua kuandika vizuri amwendee katibu wa tawi. Hiyo ni kazi yake, wala si hisani.

Ndugu zetu wa Zanzibar wanayo njia yao: malalamiko yao huenda Tume ya Utangazaji Zanzibar. Popote iendapo, barua iandikwe nakala mbili, na moja irudi nyumbani ikiwa na mhuri na tarehe ya kupokelewa.