Pwani Isomekayo kwa Majina: Mgeni, Mikoko na Maji ya Wami katika Hifadhi ya Saadani

Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005 kwa kuunganisha pori la akiba, iliyokuwa ranchi ya ng'ombe ya Mkwaja na msitu wa Zaraninge, iko katika mikoa ya Pwani na Tanga, mkabala na kisiwa cha Unguja. Ni mahali ambapo mbuga hushuka hadi kwenye mchanga wa Bahari ya Hindi. Matangazo ya utalii hupenda kumchora tembo akiwa na mawimbi nyuma yake. Tukio hilo hutokea, ila kwa nadra, na mgeni aliyelifuata hilo tu aghalabu hurudi akinung'unika, ingawa amewapita tohe, kuro, palahala na twiga njiani.

Utajiri wa Saadani umo zaidi katika mpaka wa maji chumvi na maji baridi, yaani mdomo wa Mto Wami. Viboko na mamba hukaa humo, na kingo zake zimefunikwa na miti ambayo vibao na nyaraka nyingi huiita kwa jina moja: mikoko. Wapwani hawakuridhika na jina hilo moja. Kwao mkoko ni mti mmoja mahususi, usimamao juu ya mizizi iliyopinda kama matao na utoao boriti. Mlilana hutangulia kuelekea baharini, nao hutoa mataruma ya vyombo. Mchu huchomoza topeni vijiti vya kupumulia, na majani yake hutoa chumvi ambayo mgeni anaweza kuionja kwa ulimi. Mkandaa hupenda sehemu za nyuma, na gome lake hutumika kutia ngozi dawa na rangi. Yapo pia msinzi na mkomafi.

Majina haya si pambo la msamiati. Kila moja hubeba taarifa kuhusu kina cha maji, kiwango cha chumvi na matumizi ya mti. Katazo au kibali kinachotaja "mikoko" pekee hakimwambii msimamizi ni mti gani umepungua, wala kwa nini. Biashara ya boriti zilizosafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni na Ghuba haikuchagua miti kiholela. Ilifuata unyoofu na unene, na ukataji wa namna hiyo hubadili sura ya msitu bila kuumaliza.

Kaskazini, katika ufuko wa Madete, kasa wa kijani hutaga mayai. Jike hupanda usiku, huchimba shimo, hufukia, kisha hurudi baharini. Vifaranga hutoka baada ya takriban miezi miwili. Joto la mchanga ndilo huamua jinsia yao, na mchanga wenye joto zaidi huzaa majike. Vifaranga huongozwa na mwanga wa upeo wa bahari, hivyo taa moja ya mgeni ufukweni yaweza kuwapeleka nchi kavu. Hapa kanuni ni rahisi na gharama yake ni ndogo.

Suala la Wami ni gumu zaidi, kwa kuwa mlango wa hifadhi hauwezi kulidhibiti. Kabla ya kufika Saadani, mto huu na vijito vyake hupita penye mashamba ya mpunga ya Dakawa na ya miwa ya Mtibwa, kisha maji yake huchotwa kwa ajili ya Chalinze. Mtiririko ukipungua wakati wa kiangazi, maji ya bahari hupanda mtoni, na kiboko hulazimika kusogea juu kufuata maji baridi. Mwongoza watalii ajuaye majina ya miti anaweza kuuonyesha mpaka huo akiwa ndani ya mashua: hapa mchu unakoma, pale matete yanaanza. Mahali hapo pakiwekewa alama kila mwaka, bonde zima la Wami litakuwa na kipimo ambacho mgawaji wa maji aliyeko Morogoro anaweza kukisoma bila kufika pwani.