Safari ya miguu nyikani

Safari ya miguu nyikani ni matembezi ya kikundi kidogo cha wageni katika nchi kame, wakiongozwa na mtu anayefahamu mimea na wanyama wa mahali hapo. Tanzania haina jangwa halisi, lakini ina nyika kavu ambamo viumbe huishi kwa maji machache. Mfano mmoja ni Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, katika mikoa ya Kilimanjaro na Tanga, iliyopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008.

Sababu ya ukame

Milima ya Pare na Usambara hunasa sehemu kubwa ya unyevu unaoletwa na upepo wa Bahari ya Hindi. Upande wa pili, ilipo Mkomazi, hubaki na mvua kidogo.

Mimea

Kwa miguu mgeni huona mambo yasiyoonekana kutoka ndani ya gari. Mbuyu huhifadhi maji katika shina lake nene. Miti ya jamii ya manemane hupukutisha majani wakati wa kiangazi ili isipoteze maji. Mgunga una majani madogo sana, na miiba yake huukinga dhidi ya walaji. Waridi la jangwani (Adenium obesum) lina shina lililovimba na maua mazuri, lakini utomvu wake ni sumu. Wawindaji wa kale waliupaka kwenye mishale.

Wanyama

Choroa huacha joto la mwili wake lipande kabla ya kuanza kutoa jasho, hivyo huokoa maji. Swala twiga husimama kwa miguu ya nyuma ili kufikia majani ya juu, ambayo humpatia pia maji anayohitaji. Digidigi hutambulika kwa nyayo ndogo na marundo ya mavi anayoyaacha kwenye mipaka ya eneo lake.

Usalama

Hifadhini kikundi husindikizwa na askari mwenye bunduki, kwa kuwa kuna pia tembo, nyati na simba. Wageni hutembea kwa mstari mmoja, kimya, na hufuata amri ya kiongozi bila ubishi. Kumkimbia simba ni hatari, maana humchochea kufukuza. Hairuhusiwi kung'oa mmea wala kuokota chochote: katika nchi kavu, mti uliovunjwa huchukua miaka mingi kurudi.