Hiyo Tepu Nyeupe Iacheni kwa Fundi Bomba

"Fundi, nipake nini kwenye tredi ili mafuta yasivuje?" Wenye magari ya zamani wa Kibakwe hunijia na swali hili kila msimu wa mavuno, pale mikonga na Land Rover 110 zinapopakiwa gunia juu ya gunia kwenda Mpwapwa mjini. Nimelijibu gereji, nimelijibu kwenye simu, na linarudi vilevile; kinachobadilika ni dawa tu. Leo tredi tepu, kesho silikoni, keshokutwa sabuni ya mche. Jibu langu halibadiliki: usipake kitu. Kwenye viungo vingi vya mafuta vya gari, tredi hazizibi chochote. Anayezipaka dawa anafunga bandeji mguu ulio mzima.

Fungua kiungo ukitazame. Mwisho wa paipu umepanuliwa ukawa na mdomo, na mdomo huo unakaa juu ya koni. Kazi ya nati ni kuusukuma mdomo ukandamane na koni, basi. Mafuta yanazuiwa pale chuma kinapokutana na chuma. Mdomo ukipata ufa, au koni ikiwa na mkwaruzo, mafuta hupenya mpaka nyuma ya mdomo, kisha hutokea kwenye nafasi iliyopo kati ya paipu na tundu la nati. Nafasi hiyo iko wazi siku zote. Zungusha tepu kwenye tredi mpaka usizione tena. Mafuta yatapita kando ya paipu na kudondoka palepale yalipokuwa yakidondoka jana.

Bolti ya banjo, ile yenye tundu katikati inayopitisha mafuta kwenda kwenye pete ya paipu, nayo haizibwi na tredi zake. Inazibwa na washa mbili za shaba, moja juu ya pete na moja chini yake. Mafuta yanayovuja hapo yametoka kati ya washa na uso wa pete. Tepu uliyoizungusha chini huko haiko njiani mwake kabisa, na ukiizidisha inaweza hata kufunika tundu la pembeni. Hapo gari litakosa nguvu mlimani, nawe utaanza kuilaumu pampu.

Wapo wanaonijibu kwamba tepu hiyo haiyeyuki kwenye petroli wala dizeli. Ni kweli, haiyeyuki, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Ukifunga na kufungua kiungo, tredi huikata vipande vyembamba kama nyuzi, na nyuzi hizo hazitayeyuka kamwe. Zikiingia kabla ya filta, filta itazikamata. Zikiingia baada yake, hakuna wa kuzizuia. Pampu ya dizeli aina ya VE, iliyomo kwenye 1HZ ya Toyota na 300Tdi ya Land Rover, ina vipande vinavyoteleza ndani ya nafasi ya elfu chache tu za milimita, na inalainishwa na dizeli hiyohiyo inayopita ndani yake. Gari la petroli lenye kabureta halina nafuu: uzi mmoja ukikwama chini ya sindano ya kabureta, petroli haikatiki, inafurika juu ya injini yenye moto. Nimeona watu wakiokoa bei ya washa mbili na kununua pampu nzima.

Kuna hasara nyingine ambayo haisemwi. Tepu inateleza. Mkono uliozoea kusikia nati ikikaza haupati habari sahihi, unaongeza robo mzunguko, kisha nusu, na kichwa cha filta cha alumini kinapasuka.

Silikoni ya gasketi sitaizungumzia sana. Ile ya kawaida inavimba ikiguswa na petroli au dizeli, inalegea, halafu inamenyeka na kusafiri na mafuta. Sabuni ya mche ina ukweli mdogo ndani yake, kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni. Kitundu kidogo cha tanki kinaweza kupakwa sabuni ili gari la dizeli lifike nyumbani. Mvua ya kwanza inaiondoa, na kwenye kiungo cha nati haina kazi yoyote.

Kosa lingine linatokana na kutafuta tone. Injini ya 1HZ haina pampu ndogo ya kusukuma mafuta kutoka tankini. Pampu yake kubwa inayavuta yenyewe. Kiungo kibovu upande wa kuvuta hakitoi dizeli, kinaingiza hewa. Chini pakavu kabisa, lakini asubuhi gari linakataa kuwaka mpaka upige pampu ya mkono juu ya filta, na kesho hivyohivyo. Fundi anatoa upepo, analipwa, anaondoka, na upepo unarudi kwa kuwa hakuna aliyeuliza ulipoingilia. Mara nyingi nauona mlango wake kwenye hiyohiyo pampu ya mkono, mpira wake wa ndani umechoka. Unganisha kwa muda kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu ya injini, uwashe, uangalie mapovu. Au ning'iniza dumu safi la dizeli juu kuliko injini na ulishe mfumo kutoka hapo: kiungo kilichokuwa kikivuta hewa kitaanza kutoa jasho la dizeli.

Kuhusu adapta. Zile za shaba kwenye duka la vifaa vya ujenzi ni za maji, na tredi zake ni BSP. Gari la Kijapani lina tredi za milimita, na vichwa vingi vya filta vya Kimarekani vina NPT. Robo inchi ya BSP ina tredi 19 kwa inchi, robo inchi ya NPT ina 18. Zinaingiana mizunguko michache, zinabana, na mtu anafurahi kwamba zimekaza. Zimegandana kwa makosa. Hapo ndipo tepu inapoitwa kuficha tofauti ya vipimo. Nenda dukani na adapta ya zamani mkononi pamoja na kipima tredi.

Sasa fanya hivi. Washa za shaba weka mpya. Zikikosekana, zipashe za zamani mbali na gari mpaka ziwe nyekundu hafifu, zipoe, uzisugue masizi, zitakuwa laini tena. Mdomo uliopasuka ukatwe na kupanuliwa upya kwa kifaa, baada ya kuhakiki kama koni ni nyuzi 45 au 37. Tredi za koni, zile zinazonenepa kadiri zinavyoingia, ndizo pekee zinazohitaji dawa: tumia gundi ya majimaji ya tredi iliyoandikwa kwamba inastahimili mafuta, na uache mizunguko miwili ya mbele mikavu. Mpira uliokauka utupe, ununue wenye maandishi ya mafuta, R7 kwa kabureta na R9 kwa petroli ya sindano. Mpira wa tyubu ya tairi unavimba. Waya wa kufungia unabana sehemu mbili tu, tafuta klipu. Petroli ikivuja, gari lisiwashwe, hata la kusogeza.

Paipu za nozeli zinazovuja kaza kwa kipimo au badilisha, na usizipapase injini ikiwa inanguruma. Humo dizeli inapita kwa shinikizo la zaidi ya bar 100, na mchirizi wake unatoboa ngozi. Tafuta uvujaji kwa kipande cha kadibodi. Ikikuchoma, jeraha litaonekana dogo kama la sindano na huenda lisiume. Nenda hospitali saa hiyohiyo, umwambie daktari kwamba ni dizeli ya shinikizo imeingia ndani ya nyama, kwa sababu mkono wa namna hiyo unahitaji kupasuliwa na kusafishwa mapema.