Je, Wajua? Kuna Fuwele Inayopumua

Ipo fuwele inayovimba hadi ujazo wake unazidi mara tatu, kisha inasinyaa na kurudi kama ilivyokuwa. Haipasuki!

Inaitwa MIL-88. Ilitengenezwa Versailles, Ufaransa, na kundi la mwanakemia Gérard Férey. Ni vifundo vya metali vilivyoungwa kwa molekuli za kaboni, na katikati yake vitundu vitupu. Ikilowa kimiminika kinachofaa, vitundu hupanuka.

Nduguye, MIL-53 ya kromiamu, hushangaza zaidi. Ikinyonya unyevu wa hewani, hujibana. Ikipashwa moto na maji yakatoka, hufunguka.

Tabia hii inaleta wazo zuri ajabu: kichocheo chenye swichi. Kichocheo huharakisha mmenyuko wa kikemia bila chenyewe kuisha. Sehemu zake zinazofanya kazi zikiwa ndani ya vitundu hivi, molekuli huzifikia vikiwa wazi tu. Vikijifunga, kazi husimama. Swichi yaweza kuwa joto, mgandamizo, au hata mwanga: molekuli za azobenzini, zikiunganishwa na fuwele, hupinda zikipigwa na miale ya urujuanimno, na hunyooka tena kwa mwanga wa kuonekana.

Na nafasi iliyomo ndani? Gramu moja tu ya NU-110, jamaa yao wa Marekani, ina eneo la uso la zaidi ya mita za mraba 7,000, sawa na uwanja mzima wa mpira.

Mwaka 2025, Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi walitunukiwa Nobeli ya Kemia kwa kuanzisha ukoo huu wa fuwele zenye vitundu. Kitagawa ndiye aliyetabiri, mwaka 1998, kwamba ungeweza kunyumbulika.