Hangul si pazia

Wapenzi wa tamthilia za Kikorea wakishazijua herufi, wengi huanza kuandika mambo yao ya ndani kwa Kikorea kwenye mitandao ya kijamii, wakiamini shangazi na bosi hawataambulia kitu. Kuzijua ni rahisi kweli. Kujificha nyuma yake ni jambo jingine.

Hangul, yaani herufi hizo za Kikorea, ilibuniwa na Mfalme Sejong mwaka 1443, ikatangazwa 1446. Kabla ya hapo Wakorea waliandika kwa herufi za Kichina, ambazo mkulima hakuwa na wasaa wa kuzisomea. Leo herufi za msingi ni 24, na konsonanti zake huchora kinywa kinavyofanya. Tamka n, kisha ulimi usiuondoe: ncha imeinuka nyuma ya meno. Ndiyo ㄴ, ulimi ukitazamwa kwa ubavu. Tamka g: shina la ulimi limepanda, ncha imeshuka, ndiyo ㄱ. Ongeza kistari, ㅋ, upate k yenye pumzi. Mswahili wa Mombasa anayetofautisha paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi tu, hapo hasumbuki. Herufi hizo hupangwa kwa silabi: ㄴ na ㅏ hufanya 나, yaani na; ongeza ㄴ nyingine chini, 난, upate nan.

Wepesi huo uliwakera wakubwa mapema. Mwaka 1504 zilitokea barua za Hangul zisizo na jina, zikimshutumu mfalme Yeonsangun. Akapiga marufuku kuzifundisha herufi, akaamuru miandiko ya wanaozijua ikusanywe ili mwandishi anaswe. Tamaa hiyo haikufa naye. Mwaka 2007 Korea Kusini ilizilazimisha tovuti kubwa kuthibitisha utambulisho halisi wa wanaotoa maoni. Mwaka 2011 wadukuzi wakachota taarifa za watumiaji wapatao milioni 35 wa tovuti za Nate na Cyworld. Mwaka uliofuata Mahakama ya Katiba ikaibatilisha sheria hiyo.

Wakorea wa kawaida nao wana ujanja wao, na mimi huupenda. Wakikaa kwenye nyumba mbovu ya Airbnb ughaibuni, wasitake mwenyeji aelewe wanachowaonya wenzao, huvuruga tahajia makusudi. 가지 마세요, “msiende”, hugeuka 갉찌 많쎄욨: chini ya silabi zimepachikwa herufi zisizo na kazi, na nyingine zimerudufishwa. Jicho la Mkorea huzipepeta likasoma bila shida. Programu za kutafsiri zilibabaika kwa miaka, ingawa hizi za akili mnemba zimeanza kushtuka.

Mwanafunzi hana uwezo huo, kwa kuwa kuvuruga namna hiyo kunahitaji sikio la mzawa. Yeye huandika tahajia safi ya kitabuni, ile ambayo programu huielewa upesi kabisa, na shangazi hubonyeza “tafsiri” chini ya posti akasoma yote. Asiyetaka asomwe naye aingie kwenye mipangilio, achague nani anaona.