Tui la Nazi na Safari ya Mafuta Mwilini

Msafiri aendaye Mbwera, katika delta ya mto Rufiji, hupita kwenye mikono ya mto iliyozungukwa na mikoko pande zote mbili. Akifika jioni, huenda akasikia mbuzi ikikuna nazi kabla hajauona moto wa jiko. Machicha hutiwa maji, yakakamuliwa katika kifumbu, na likatoka tui zito. Yakitiwa maji tena, hutoka tui jepesi. Tui zito likiachwa usiku kucha, asubuhi mafuta huwa yamepanda juu na maji yamebaki chini.

Jambo hilo la kawaida lina swali kubwa ndani yake. Maji na mafuta havichangamani; kila mwanafunzi anajua hivyo. Basi imekuwaje tui likakaa saa nyingi likiwa jeupe na laini, bila kujitenga? Jawabu ni kwamba mafuta yamegawanyika kuwa matone madogo mno, na kila tone limevikwa ngozi nyembamba ya protini za nazi, ambazo upande mmoja hushika mafuta na upande wa pili hushika maji. Mchanganyiko wa namna hii huitwa emulsheni. Maziwa nayo ni emulsheni.

Mwili wa binadamu hukabiliwa na tatizo lilo hilo, kwa kuwa damu kwa sehemu kubwa ni maji. Chakula kifikapo katika utumbo mwembamba, nyongo itokayo kwenye ini huyavunja mafuta kuwa matone madogo, na kimeng'enya cha kongosho huyakata kuwa asidi za mafuta na vipande vingine. Ukuta wa utumbo huviunga upya vipande hivyo, ukavifunga ndani ya protini, kisha ukavisafirisha kwa njia ya limfu hadi kwenye damu. Vifurushi hivi huitwa lipoprotini. Ini pia hutengeneza vya kwake. Kwa hiyo si kosa kusema kwamba kila mmoja wetu, baada ya kula, ana tui likizunguka mishipani mwake.

Neno lipidi hujumuisha mafuta tupikiayo, shahamu ya mnyama, nta, na hata kolesteroli. Kazi zake ni nyingi kuliko watu wadhanivyo. Gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9, ilhali gramu ya wanga hutoa 4 tu. Ndiyo maana mwili huweka akiba yake kwa mafuta. Utando wa kila seli umejengwa kwa lipidi. Kolesteroli, ambayo siku hizi hutajwa kana kwamba ni sumu, ndiyo malighafi ya nyongo, ya homoni za uzazi, na ya vitamini D ambayo ngozi huitengeneza kwa msaada wa jua. Tena vitamini A, D, E na K huyeyuka katika mafuta tu. Mama anayepika matembele kwa tui humsaidia mtoto wake kufyonza karotini ya majani, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, kinga ya macho. Majani yale yale yakichemshwa kwa maji na chumvi peke yake, sehemu kubwa ya karotini hupita bure.

Hata hivyo mafuta hayafanani. Asidi ya mafuta ni mnyororo wa kaboni uliobeba hidrojeni. Mnyororo uliojaa hidrojeni kila mahali husemwa kuwa umeshiba. Wenye nafasi haujashiba, nao huwa na kipindo. Minyororo iliyoshiba hulala pamoja kama kuni zilizonyooka, kwa hiyo mafuta yake huganda upesi. Mafuta ya nazi yameshiba kwa kiasi cha sehemu 9 katika 10, nayo huganda kwenye nyuzijoto 24 hivi. Mafuta yaliyoshiba huzidisha katika damu zile lipoprotini zijulikanazo kwa herufi LDL, ambazo zikiwa nyingi kwa miaka mingi huacha kolesteroli katika kuta za ateri, na njia ya damu ikawa nyembamba.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mafuta yaliyoshiba yasizidi sehemu 1 katika 10 ya nishati ya chakula. Kwa mtu atumiaye kilokalori 2,000 kwa siku, hizo ni gramu 22 hivi. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya nazi kina gramu 11 au 12. Vijiko viwili, na fungu limekwisha.

Je, watu wa pwani wamekosea karne zote hizi? Sivyo. Yatupasa kutazama kitu kiliwacho pamoja na nazi, na kazi afanyayo mlaji. Samaki wana mafuta ya omega-3, yasiyoshiba, ambayo pia hujenga ubongo na retina ya jicho. Mwaka 1996 jarida la Lancet lilitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa hapa Tanzania, katika eneo la Lugalawa, Ludewa. Zaidi ya watu 1,200 walipimwa: wengine wa kijiji cha kando ya Ziwa Nyasa, wala samaki kila siku, na wengine wa milimani, ambao chakula chao kilikuwa cha mimea. Wala samaki walikuwa na shinikizo la damu la chini zaidi, na kolesteroli ya chini zaidi. Naam, vijiji viwili hutofautiana kwa mengi, na uchunguzi mmoja haumalizi shauri. Lakini tusisahau kwamba samaki wale walikuwa wa maji baridi.

Mashaka huanza mtu wa delta ahamiapo mjini. Hapigi kasia tena, wala halimi mpunga. Samaki ni ghali, na viazi hukaangwa katika mafuta ya mawese yaliyochemshwa mara nyingi. Uchunguzi wa miaka 2003 hadi 2006 ulionyesha kwamba, baada ya kusawazisha umri, wagonjwa wapya wa kiharusi walikuwa 109 hivi kwa mwaka katika kila watu 100,000 wilayani Hai, na 316 hivi jijini Dar es Salaam. Mshitakiwa wa kwanza wa kiharusi ni shinikizo la damu. Mafuta ni mmojawapo wa washirika wake.

Hali hiyo yaweza kugeuzwa. Mwaka 1987 serikali ya Morisi ilibadili mafuta ya bei nafuu yauzwayo kwa wananchi, ikaweka ya soya kwa wingi mahali pa mawese. Pamoja na hatua nyingine za afya, wastani wa kolesteroli ya watu wazima ulishuka kutoka milimoli 5.5 hadi 4.7 kwa lita ilipofika mwaka 1992.

Mwalimu anaweza kuonyesha tofauti ya mafuta bila maabara. Achukue chupa mbili ndogo, moja ya mafuta ya nazi na nyingine ya alizeti, azitumbukize katika ndoo ya maji yenye barafu, na wanafunzi waandike kipimo cha joto kila dakika. Mbwera, asubuhi za baridi za mwezi wa Julai, huenda barafu isihitajiwe: chupa ya nazi iliyolala dirishani yaweza kuanza kuwa na ukungu mweupe yenyewe.