Mbona "Dum" ya Dumbaki Yapotea kwenye Simu?

Malalamiko haya nimeyasikia hapa Tononoka zaidi ya mara moja. Vijana wametengeneza wimbo wa taarabu wa harusi kwa kompyuta, wakausikiliza kwa spika kubwa, dumbaki likapiga "dum" hadi kifua kikatetema. Mwenye harusi kuufungua kwa simu, "dum" haipo. Imebaki "tak" peke yake na sauti ya muimbaji kama yatoka ndani ya mkebe. Akakataa kumaliza malipo. Kijana naye aapa kwamba wimbo ni ule ule.

Wote wawili wasema kweli. Sikio zima la mwanadamu husikia takriban mitetemo 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Spika ya simu ni ndogo mno, haisukumi hewa ya kutosha kutoa sauti nzito. Vile vipaza sauti vya tarumbeta juu ya minara vimeumbwa kupeleka maneno mbali, si besi. Tuktuk iliyofungwa spika kubwa nyuma ya kiti nayo yaizidisha. Wimbo mmoja, rangi tatu.

Dawa si kuongeza besi. Ukiongeza, simu bado haitoi kitu, na ukumbini wazee wataziba masikio. Sauti nzito haisafiri peke yake. Uzi mnene wa gitaa la besi hutetema mara 41 kwa sekunde, lakini ndani yake mna sauti za 82, 123, 164 na kuendelea juu. Simu ikitoa zile za juu tu, ubongo wajazia wenyewe ile ya chini. Subhanallah! Kwa hivyo fundi hodari huikwaruza "dum" kidogo kwa programu, ipate sauti za juu za kuitambulisha. Kidogo tu, akizidisha itakuwa debe.

Jambo jengine ni ukubwa wa sauti. Mwaka 1933, Fletcher na Munson wa Marekani walionyesha kuwa sauti ikipunguzwa, sikio hupoteza besi mapema kuliko sauti za katikati. Anayechanganya wimbo kwa sauti ya kupasua dirisha ajidanganya. Apunguze hadi kiasi cha mazungumzo, kisha asikize kama dumbaki lipo.

Studio nyingi za ng'ambo zilitumia spika ndogo za Yamaha NS-10, zilizotoka 1978. Hazikusifiwa kwa utamu, zilipendwa kwa kufichua kasoro. Kijana wetu asiye nazo ana simu na ana tuktuk ya jirani. Aweke na rekodi anayoijua vyema (mimi ningechagua udi wa marehemu Zein l'Abdin), alinganishe hiyo na kazi yake kila mahali.

Na kabla ya kupokea hata shilingi ya kwanza, amuulize mwenye harusi atausikiliza wapi. Akisema ukumbini na kwenye simu, wasikilize kwa zote mbili wakiwa pamoja, ndipo pesa zilizobaki zitoke.